Shotigani ya Mwingereza ya urithi: namba yake inaweza kunipa mwaka iliotengenezwa?

Binti_Kihesa (Iringa)

Kamwene wakuu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa bunduki za zamani za Mwingereza.

Kuna shotigani ya mitutu miwili, imelala pembeni kwa pembeni, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), haina nyundo za nje. Ni mali ya marehemu, ilikuwa na leseni, na sasa imehifadhiwa ghala la silaha la polisi mpaka mirathi ikamilike. Kwenye orodha ya mali tunatakiwa tuieleze vizuri: ni ya nani, imetengenezwa wapi, na kwa kadiri inavyowezekana mwaka gani. Nimekubaliwa kwenda kuiangalia na kuipiga picha mara moja, askari wa ghala akiwepo.

Ninachojua mpaka sasa ni haya. Kwenye leseni kuna namba inayoanza na TZ CAR. Kwenye chuma kinachozunguka triga kuna namba nyingine ya tarakimu tano, imefutika kidogo, sina hakika kama tarakimu ya pili ni 8 au 3. Juu kati ya mitutu kuna maandishi yanayoishia na neno WESTMINSTER. Wazee wa ukoo wanasema ilikuwa bunduki ya Mjerumani.

Maswali yangu: ni namba ipi kati ya hizo ndiyo ya kiwandani? Kuna jedwali ambalo mtu anaweka namba anapata mwaka? Na nikifika pale niangalie nini, maana sitapata nafasi ya pili kirahisi?

FundiIlomba (Mbeya)

Dada, karibu. Nianze na TZ CAR maana hiyo ndiyo inayopoteza wengi. Hiyo ni namba ya usajili wa silaha hapa nchini. Inakueleza habari za leseni, haina uhusiano wowote na kiwanda. Iandike kwenye orodha ya mirathi kwa sababu ndiyo inayotambulisha silaha kisheria chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ila kwa suala la umri iweke kando kabisa.

Namba ya kiwandani ni hiyo ya tarakimu tano. Lakini jedwali moja la bunduki zote za Uingereza halipo na haliwezi kuwepo. Kila mtengenezaji alikuwa na daftari lake na mfululizo wake. Namba 15000 ya Purdey na namba 15000 ya Greener hazihusiani kwa lolote. Purdey walianza na 1 mwaka 1814 na wameendelea na mfululizo mmoja, kwa hiyo kwao namba kubwa ni bunduki ya baadaye. Holland & Holland walitenga mafungu ya namba kwa aina tofauti za silaha, hivyo unaweza kukuta namba kubwa kwenye bunduki iliyotangulia na ndogo kwenye iliyofuata. Wapo wengine waliokuwa wanauza tu, kazi imefanyika karakana ya mtu mwingine, na namba ikagongwa kwa mfululizo wa muuzaji. Namba pekee, bila jina, haisemi kitu.

Ndiyo maana kazi inaanzia upande wa pili: kwanza chapa zilizogongwa chini ya mitutu, halafu jina na anwani, halafu aina ya mtambo (sehemu ya kufungia na kufyatulia), na namba inakuja mwisho. Chapa zitakupa kipindi, labda miaka kumi na tano au ishirini. Namba ndiyo itakayochagua mwaka ndani ya kipindi hicho, kama daftari la mtengenezaji bado lipo.

Siku ya kwenda kuangalia fanyeni hivi. Askari aifungue na kuhakikisha chemba zote mbili ni tupu, wewe usiiguse kabla ya hapo. Kisha aondoe ubao wa mbele, ule mti ulio chini ya mitutu unaposhika kwa mkono wa kushoto. Kwenye bunduki nyingi za Mwingereza kuna kitufe kwenye ncha yake au kijiko kidogo cha chuma chini yake. Kinabonyezwa au kuvutwa, ubao unateremka. Baada ya hapo asukume wenzo wa juu, mitutu inainama kwenye bawaba na kunyanyuliwa nje. Hakuna skrubu hata moja inayohitaji kuguswa. Mtu akitaka kutoa bisibisi mkatalie kwa heshima: vichwa vya skrubu za bunduki hizi vina mifuo myembamba sana, bisibisi ya kawaida inaibomoa mara moja, na thamani inashuka hapo hapo.

Mkishatenganisha utakuwa na vipande vitatu: mitutu, ubao wa mbele, na mtambo ulioungana na kitako. Geuza mitutu juu chini. Upande wa nyuma, karibu na chemba, kuna sehemu mbili bapa, kushoto na kulia. Habari karibu zote ziko pale. Piga picha kila bapa peke yake, halafu zote mbili pamoja. Kisha piga picha ya bapa za mtambo zinazokutana na hizo, chuma cha ndani cha ubao wa mbele, mkia wa kikingio cha triga, na maandishi yote juu ya mitutu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Picha zinaharibika kwa mwanga. Ukipiga na flashi mbele kwa mbele, chuma kinang'aa na chapa zinapotea. Zima flashi, washa tochi ya simu nyingine, ilaze pembeni karibu usawa wa chuma ili kila mchongo utupe kivuli. Zungusha tochi taratibu. Chapa iliyojificha ukiimulika kutoka kushoto hujitokeza ukiimulika kutoka juu. Pale pasiposomeka paka chaki nyeupe ya ubaoni kwa kidole, kisha futa juu juu kwa kitambaa kikavu, chaki ibaki kwenye michongo. Uchafu uliogandamana ulainishe kwa pamba yenye mafuta ya cherehani na kijiti cha mti. Msasa, steelwool, brashi ya waya na siki, hapana. Chapa hizi hazina kina kirefu, na kinachofutwa hakirudi.

Namba isome sehemu zote tatu: kikingio cha triga, chini ya mitutu, na chuma cha ubao wa mbele. Kwenye kikingio cha triga ndipo mkono unaposugua miaka yote, kwa hiyo 8 na 3 kuchanganyika ni kawaida. Chini ya mitutu mara nyingi ni safi kwa sababu pamefichwa. Zikilingana zote tatu, mitutu ni ya bunduki hiyo hiyo. Zikitofautiana, andika zote ulivyoziona, usirekebishe kichwani.

Na tafadhali usiweke namba kamili hapa jukwaani. Tarakimu mbili za mwisho zifiche.

Mzee wa Sao Hill

Fundi amefungua vizuri. Mimi niongeze namna ya kuzisoma chapa zenyewe, maana dada akienda bila kujua anachotafuta ataleta picha za maua ya mchoro na kuacha chapa.

Uingereza kila mtutu ulitakiwa kujaribiwa kwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida kabla ya kuuzwa, kisha ukagongwa chapa. Nyumba za majaribio ni mbili: ya London, chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati ya kifalme 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Kanuni zao zilibadilika miaka inayojulikana, na kila zilipobadilika chapa zilibadilika. Hapo ndipo umri unaposomeka.

Chapa za London za taji juu ya herufi GP zilizofungamana na taji juu ya V zimetumika muda mrefu mno, kwa hiyo zenyewe hazikusaidii kupata mwaka. Birmingham ni rafiki zaidi kwa kazi hii. Tangu 1813 hadi 1904 waligonga fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji juu, na herufi BPC au V katikati ya pembe zake. Kuanzia 1904 wakahamia taji juu ya BV, taji juu ya BP, na kwa baruti isiyo na moshi taji juu ya NP. Ukiona fimbo zilizopishana peke yake, uko kabla ya 1904. Ukiona BV na BP, uko baada yake. London nao 1904 wakaweka mkono ulioshika upanga juu ya NP.

Maneno yaliyogongwa ni ushahidi mzuri kuliko hata michoro, kwa sababu yanasomeka kwa mtu yeyote:

NOT FOR BALL ni ya 1875 hadi 1887. Iliwekwa kwenye mtutu uliobanwa mdomoni, kuonya mtu asipige risasi moja nzima ya duara. Kipindi hicho hicho unaweza kukuta namba mbili kama 12B na 14M, ya kwanza upana wa ndani wa mtutu, ya pili upana wa mdomo.

CHOKE ilichukua nafasi yake 1887. Mwaka huo huo likaanza umbo la uru, kama la karata, lenye namba ya geji na herufi C ndani, kuonyesha chemba. Kwa hiyo mtutu wenye uru hauwezi kuwa wa kabla ya 1887, hata bunduki yenyewe ionekane ya kale kiasi gani.

NITRO PROOF ilikuja na kanuni za 1896, baruti isiyo na moshi iliposhika soko. Ikiandikwa pamoja na uzito wa marisau na neno MAXIMUM, kwa mfano 1⅛ OZ MAXIMUM, na chapa ni za BV na BP, hiyo ni 1904 hadi 1925.

Kuanzia 1925 uzito wa marisau umeandikwa bila hayo maneno mengi, na urefu wa chemba umegongwa kwa inchi, mara nyingi 2½. Kanuni za 1954 zikabadilisha tena: sasa unaona presha kwa tani kwa inchi ya mraba, 3 TONS kwa mfano, na upana wa mtutu kwa desimali, .729.

Birmingham waliongeza kitu kizuri mno 1921: chapa ndogo ya herufi ya mwaka, wakianza na A, na mwaka wao unaanzia Julai. Mfululizo huo ulikwenda hadi 1941, kisha mwingine ukaanza 1950. Itafute vizuri, ni ndogo na mara nyingi imegongwa ovyo pembeni.

Kuhusu Mjerumani: bunduki ya Ujerumani baada ya sheria yao ya 1891 ina taji juu ya B, U, G na herufi nyinginezo moja moja, na picha ya tai. Ya Ubelgiji ina ELG ndani ya umbo la yai. Hii ya Ubelgiji nawaomba vijana muiangalie sana, kwa sababu zilitengenezwa bunduki nyingi za bei nafuu zenye majina yanayokaribiana na ya Waingereza wakubwa. W. Richards si Westley Richards. Chapa ya yai inamaliza ubishi. Na kama mtutu una maneno NOT ENGLISH MAKE, hiyo ni silaha ya nje iliyojaribiwa Uingereza kati ya 1925 na 1955.

Lakini wazee wako, binti yangu, wanaweza kuwa na haki vile vile. Chapa inasema ilitengenezwa wapi, haisemi nani aliishika. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika 1925 na wengi wakaweka mashamba huku kwetu nyanda za juu. Vita vya pili vilipokuja wakazuiliwa na mali zao zikashikwa na serikali. Bunduki ya Birmingham kupita mikononi mwa mkulima wa Kijerumani wa Iringa haina ajabu yoyote. Hilo mlithibitishe kwa karatasi za leseni za zamani kama zipo, si kwa chuma.

Tukuyu_Mvua

Swali la haraka kabla dada hajarudi. Kuna bunduki zina namba nyingine pembeni ya mtambo yenye maneno PATENT na USE. Hiyo nayo ni ya mfululizo?

FundiIlomba (Mbeya)

Hapana mkuu, na ni mtego. Mtengenezaji akitumia uvumbuzi wa mwenzake alilipia, na kila mtambo uliolipiwa ukapewa namba ya matumizi. Hiyo inahesabu mitambo ya uvumbuzi ule, kutoka karakana zote zilizoutumia. Haina uhusiano na daftari la mwenye bunduki.

Kuna pia namba ya hataza (patent) yenyewe. Tangu 1852 hadi 1915 Waingereza walianza kuhesabu upya kila Januari, hivyo namba ya hataza bila mwaka haina maana. Mtambo wa Anson na Deeley, ule wa kisanduku usio na nyundo za nje ambao huenda ndio alio nao dada, ni namba 1756 ya 1875. Mwaka huo ndio unaokupa sakafu: mtambo wa aina hiyo hauwezi kuwa wa 1870. Kuanzia 1916 namba zikaendelea moja kwa moja kuanzia 100001, kwa hiyo hataza ya tarakimu sita imekuja baada ya hapo.

Vipande vingine vinavyotoa sakafu ya namna hiyo: wenzo wa juu wa Scott 1865, kitufe cha Anson cha ubao wa mbele 1872, na kirusha maganda cha Southgate 1893. Kumbuka ni sakafu tu, dari hakuna. Kipande kilichovumbuliwa 1865 kinatengenezwa mpaka leo.

Binti_Kihesa (Iringa)

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mzee wa Sao Hill. Nimekwenda na picha zimetoka, tochi ya pembeni imesaidia kweli. Nilichosoma:

Juu ya mitutu: ARMY & NAVY C.S.L. 105 VICTORIA STREET WESTMINSTER.

Namba chini ya mitutu ni 58 halafu tarakimu tatu, na inasomeka wazi. Chuma cha ubao wa mbele kina namba ile ile. Kikingio cha triga kinalingana, kwa hiyo ni 8.

Bapa ya kushoto na ya kulia zote zina taji juu ya BV, taji juu ya BP, taji juu ya NP. Kuna uru lenye 12 na C. Kuna NITRO PROOF 1⅛ OZ MAXIMUM. Mtutu wa kulia una 13, wa kushoto una 13 na neno CHOKE. Herufi ya mwaka nimeitafuta kila kona sikuiona. Hakuna 2½ popote. Mitutu haina ile michirizi ya mawimbi ya chuma kilichosokotwa.

Mzee wa Sao Hill

Marahaba. Umeleta kazi nzuri, sasa tuisome pamoja.

BV, BP na NP zenye taji: Birmingham, 1904 au baadaye. OZ MAXIMUM na kukosekana kwa urefu wa chemba: kabla ya kanuni za 1925. Hapo tayari tuko 1904 hadi 1925. Herufi ya mwaka haipo, na ilianza kugongwa 1921. Kukosekana kwa chapa ni ushahidi dhaifu kuliko kuwepo kwake, kwa kuwa inaweza kuwa imefutika, lakini bapa zako zinasomeka zote vizuri, kwa hiyo mimi naiweka kabla ya katikati ya 1921. Na viwanda vya Birmingham viligeuzwa kwa kazi ya vita 1914 hadi 1918, bunduki za kuwindia zikapungua sana. Uzito mkubwa zaidi wa ushahidi uko 1904 hadi 1914.

Jina linakubaliana na hayo. Army & Navy ilianzishwa 1871 kama ushirika wa kuwauzia bidhaa maofisa wa jeshi na familia zao. Herufi C.S.L. ni za Co-operative Society Limited, yaani ushirika huo. Mwaka 1934 waliacha jina hilo wakawa Army & Navy Stores Limited, kwa hiyo bunduki yenye C.S.L. haiwezi kuwa imeuzwa mpya baada ya hapo.

Angalia jambo moja ambalo wengi hulikosea kwenye bunduki hizi. Juu pameandikwa mtaa wa London, chini pamegongwa Birmingham. Hakuna mgongano. Army & Navy walikuwa duka. Bunduki zao walitengenezewa na karakana za biashara, nyingi zikiwa za Birmingham, wakagongewa jina la duka na namba ya duka. Kwenye orodha ya mirathi usiandike kwamba imetengenezwa na Army & Navy. Andika imeuzwa na Army & Navy C.S.L., London, imejaribiwa Birmingham.

Sasa namba yako ya 58 na kuendelea ina kazi ya kufanya. Ni namba ya rejesta ya duka, na rejesta za silaha za Army & Navy zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Chuo Kikuu cha Glasgow. Waandikie. Wape namba kamili, geji, aina ya mtambo, urefu wa mitutu kwa inchi, na picha ya maandishi ya juu. Usiwaulize tu ni ya mwaka gani. Waulize tarehe ya kuuzwa na maelezo ya bunduki kama yalivyoandikwa, ulinganishe na ulichonacho. Rejesta ikisema mitutu ya inchi 30 nawe umepima 27, basi kuna mtu ameikata, au umesoma tarakimu vibaya.

Nyololo_Stoo

Naongeza kuhusu makampuni mengine kwa watakaosoma uzi huu baadaye, maana si kila mtu ana Army & Navy.

Purdey, Holland & Holland, Westley Richards na Rigby bado wapo na wana madaftari ya zamani. Wanajibu barua za wamiliki, kwa ada. Kabla ya kulipa, hakikisha kwa anwani kwamba bunduki ni ya kipindi unachodhani. Purdey walikuwa Oxford Street hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha wakahamia South Audley Street, kwa hiyo anwani yao inagawa vizuri. Holland & Holland walikaa 98 New Bond Street tangu 1866 hadi 1960. Anwani hiyo haikupi kitu, afadhali jina: Holland & Holland limeanza 1876, kabla ya hapo ilikuwa H. Holland peke yake.

Raifo za boliti za Rigby na wenzake zina ugumu wake. Nyingi zimejengwa juu ya mtambo wa Mauser kutoka Ujerumani, kwa hiyo zina namba ya Mauser na namba ya Mwingereza, na chapa za nchi mbili. Barua iende na namba ya Mwingereza. Ukipeleka ya Mauser watakujibu kwamba haimo, nawe utadhani bunduki ni ya bandia.

Na tarehe za madaftari si za aina moja. Kuna daftari linaloandika siku ya oda, lingine siku kazi ilipokamilika, lingine siku ya kuuzwa. Bunduki ya dukani inaweza kukaa rafuni miaka kadhaa kabla ya kupata mnunuzi. Jibu likija, uliza ni tarehe ya nini.

Kuna kisa kingine kinachochanganya: mitutu iliyobadilishwa. Mmiliki alirudisha bunduki ya 1885 kiwandani mwaka 1910, akawekewa mitutu mipya yenye namba ile ile ya zamani. Namba zinalingana zote tatu, mtambo una fimbo zilizopishana, mitutu ina BV na BP. Hapo hakuna aliyekosea, ni miaka miwili kwenye bunduki moja, nawe unaandika yote miwili. Neno SLEEVED likiwepo, maana yake mitutu ilikatwa karibu na chemba ikaunganishwa mirija mipya, na thamani yake kama kitu cha kale ni ndogo zaidi.

FundiIlomba (Mbeya)

Dada, umri umeupata. Kuna jambo la usalama limejificha kwenye majibu yako, nalo linamhusu yeyote atakayerithi leseni.

Bunduki ya kipindi hicho, geji 12, isiyoandikwa urefu wa chemba, ichukulie kuwa ni ya inchi 2½, yaani ganda la milimita 65, hadi ipimwe. Risasi zinazouzwa sasa hivi nyingi ni za milimita 70. Ganda la 70 linaingia bila kukwama, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu urefu huo ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa ni fupi. Likifunguka mbele ya chemba fupi, mdomo wake unaingia kwenye koo la mtutu, njia ya marisau inabanwa, na presha inapanda kwenye chuma cha zaidi ya miaka mia moja.

Namba 13 iliyogongwa ni upana wa ndani wa mtutu wakati ulipojaribiwa: inchi .710, sawa na milimita 18.03, ukipimwa inchi 9 kutoka nyuma. Saizi inayofuata juu yake ni 13/1, inchi .719 au milimita 18.26, halafu 12 yenyewe, .729 au 18.52. Mitutu ya huku kwetu, hasa iliyokaa Rungwe au Mufindi kwenye unyevu, huota kutu ndani, mtu akaisugua na kuichonga mpaka ing'ae tena. Kung'aa huko ni chuma kilichoondoka. Mtutu wako ukipimwa leo ukakutwa umefika .719 au zaidi, umetoka nje ya majaribio yake ya awali, na chapa ya NP haiulindi tena.

Kipimo cha kufika inchi 9 ndani si venia ya kawaida, inahitajika geji ya mtutu yenye mkono mrefu. Fundi silaha mwenye leseni ndiye wa kumuuliza. Mwambie apime vitu vitatu: upana wa ndani wa kila mtutu kwa inchi 9, urefu wa chemba, na unene wa ukuta wa mtutu sehemu nyembamba kuliko zote. Ukuta ukiwa chini ya inchi .020, nusu milimita, bunduki ibaki ya kuhifadhiwa. Matokeo yaandikwe kwa tarehe, yaambatane na karatasi za mirathi.

Binti_Kihesa (Iringa)

Nimeelewa wakuu. Barua ya Glasgow naiandika kesho, na kwenye orodha nimeshaandika hivi: shotigani ya mitutu miwili, geji 12, mtambo usio na nyundo za nje, imeuzwa na Army & Navy C.S.L. London, imejaribiwa Birmingham kati ya 1904 na 1921, mtutu wa kushoto una choki, chemba haijapimwa. Kuna cha kuongeza?

Mzee wa Sao Hill

Ongeza namba ya TZ CAR na namba ya mitutu kwenye mistari miwili tofauti, kila moja na maelezo ilipoandikwa, ili hakimu au afisa asizichanganye. Na neno "imetengenezwa" lisiwepo popote mpaka Glasgow wajibu.